Kompresa ya Tangi la Lita 3 kwa Wajenzi wa Modeli: Presha Inayosomwa na Presha Inayofika

Ubavu wa modeli ya ndege ya Messerschmitt Bf 109 katika skeli ya 1/72 una kimo cha sentimita 2 hivi, na juu yake mpakaji anatakiwa kuweka madoa ya kijivu yenye kingo laini, kila doa likiwa na kipenyo cha milimita 3 au 4. Rangi lazima iwe nyepesi sana, ncha ya brashi ya hewa (kifaa cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa iliyobanwa) lazima isogezwe hadi sentimita 1 au 2 kutoka kwenye plastiki, na hewa lazima iwe ya kutosha kubeba rangi bila kuisukuma ikishatua. Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hiyo kwa kompresa ninayoitathmini hapa, geji ya presha ilionyesha bar 0.7, yaani psi 10 hivi, nikaiamini. Nilipobonyeza kitufe, doa la kwanza likatoa miguu ya buibui, yaani michirizi myembamba ya rangi iliyosukumwa na hewa, pande zote. Nililifuta kwa pamba yenye maji, kwa kuwa rangi ya chini ilikuwa ya laka iliyokwisha kukauka, nikapunguza presha kidogo, nikajaribu tena, na miguu ikatoka ileile. Ilinichukua jioni mbili kubaini kwamba geji ilikuwa ikisema lake na hewa iliyofika kwenye sindano ya brashi ikifanya lake.

Nimeitumia seti hii kwa mwaka mmoja na nusu na kumaliza nayo modeli kumi na nne, nyingi zikiwa ndege na chache vifaru vya skeli ya 1/35. Ni ile kompresa ndogo ya pistoni isiyotumia mafuta ambayo wauzaji wengi huiuza kwa majina tofauti: mota na pistoni vimekaa juu ya tangi la lita 3, kuna swichi inayoiwasha yenyewe presha ya tangi inaposhuka hadi bar 3 na kuizima inapofika bar 4, na pembeni imefungwa regyuleta (kifaa cha kupanga presha inayotoka) iliyounganishwa na chujio la maji pamoja na geji moja ya duara. Mpira wa hewa wenye nyuzi nje huja pamoja nayo, na viungio vyake ni vya inchi 1/8, saizi inayokubaliana na brashi nyingi za hewa. Pamoja na kompresa nilinunua vali ndogo ya kupunguza hewa, ile inayofungwa kati ya mpira na brashi, nayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi huitumia wakiidhania kuwa ni regyuleta ya pili.

Nianze na regyuleta yenyewe, kwa kuwa ndiyo roho ya seti nzima. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira ambacho upande mmoja kinasukumwa na springi na upande wa pili kinasukumwa na hewa inayotoka kuelekea kwenye brashi. Unapozungusha kishikio cha juu unaikaza springi, springi inakisukuma kiwambo, kiwambo kinafungua njia ya hewa kutoka kwenye tangi, na hewa inaingia mpaka nguvu yake ilingane na nguvu ya springi, hapo njia inajifunga. Kutokana na mpangilio huo, njia haiwezi kufunguka tena mpaka presha ya upande wa brashi ishuke kidogo. Kwa maneno mengine, kila unapobonyeza kitufe lazima presha ianguke, na hata regyuleta nzuri kabisa haiwezi kuikwepa hali hiyo. Tofauti kati ya regyuleta nzuri na mbovu ni kiasi cha kuanguka huko na jinsi presha inavyotulia baada ya kuanguka.

Hapo ndipo seti hii ilinipendeza. Nilifunga brashi yenye nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3, nikaweka bar 1.4 kitufe kikiwa kimeachwa, kisha nikabonyeza hewa peke yake bila rangi. Mshale ulishuka hadi bar 1.1 na kusimama palepale. Nilishikilia kitufe kwa muda wa dakika nzima, mota ikiwaka na kuzima, na mshale haukucheza zaidi ya upana wake wenyewe. Nilipobadilisha na kufunga brashi ya nozeli ya milimita 0.5, presha ilishuka zaidi, hadi bar 0.9 hivi, lakini nayo ikatulia. Presha iliyoanguka ikatulia naweza kufanya nayo kazi, kwa kuwa naijua ilipo. Inayoanguka ikaendelea kuyumba haina dawa kwa mpakaji, kwa sababu mstari alioanza nao si mstari atakaomaliza nao.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomsihi anayenunua kompresa ya aina hii ni kupanga presha huku kitufe cha hewa kikiwa kimebonyezwa. Watu wawili wanaweza kuambiana kwamba wanapuliza kwa psi 15, mmoja akiwa ameisoma hewa ikiwa imelala na mwingine ikiwa inapita, na kila mmoja akashangaa kwa nini matokeo ya mwenzake hayafanani na yake. Mimi sasa ninaposema presha, katika tathmini hii na katika daftari langu la kazi, namaanisha ile ya hewa inayopita.

Jambo la pili ni namna ya kuzungusha kishikio. Katika seti hii kishikio huvutwa juu ndipo kizunguke, na husukumwa chini ili kijifunge kisiguswe kwa bahati mbaya. Kupandisha presha ni rahisi, maana unazungusha na mshale unafuata. Kuishusha ni kazi nyingine, kwa sababu hewa iliyokwisha kuingia kwenye mpira haina pa kwenda mpaka itolewe. Regyuleta nyingi huwa na tundu dogo la kuitoa hewa hiyo ya ziada, lakini la hii yangu huitoa polepole mno kiasi kwamba ukilitegemea utadhani kishikio kimeharibika. Mimi hubonyeza kitufe cha brashi wakati nashusha. Aidha, springi na mipira ya ndani ina msuguano wake, kwa hiyo bar 1 uliyoifikia kwa kushuka si sawasawa na bar 1 uliyoifikia kwa kupanda. Nimezoea kushusha kupita kiasi ninachotaka, kisha kupanda taratibu hadi pale, na tangu nianze kufanya hivyo nimekuwa nikipata presha ileile siku baada ya siku.

Sasa nije kwenye geji, na hapa sina maneno ya kupamba. Geji iliyokuja na kompresa ina kipimo kinachoanzia 0 hadi bar 10. Kompresa yenyewe huzima kwenye bar 4, na kazi ya modeli karibu yote hufanyika kati ya bar 0.6 na bar 2. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya uso wa geji haitatumika kamwe, na eneo lote ninaloishi ndani yake kama mpakaji limebanwa kwenye sehemu ya tano ya kwanza ya duara, ambako mistari ya kipimo imekaribiana na mshale wenyewe ni mnene kama nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Hilo ni tatizo la macho. Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Geji za kawaida za aina hii huwa na daraja la usahihi la 2.5, na daraja hilo huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chote, si ya namba inayosomwa. Asilimia 2.5 ya bar 10 ni bar 0.25. Geji inayoonyesha bar 0.7 inaweza kuwa na bar 0.95 kwa kweli, au bar 0.45, na bado ikawa ndani ya usahihi wake uliokubaliwa. Kwa fundi anayejaza gurudumu la gari kosa la robo ya bar si balaa, lakini kwa mtu anayeweka madoa ya milimita 3 ndio mpaka kati ya doa na buibui.

Niliifungua geji ile na kuweka nyingine yenye kipimo cha 0 hadi bar 4, ya daraja hilohilo la usahihi. Kosa linaloruhusiwa likashuka hadi bar 0.1, na mshale ukaanza kutembea umbali unaoonekana kila ninapogusa kishikio. Nilipozilinganisha geji zote mbili kwenye mpira mmoja, ile ya zamani ilikuwa ikisoma chini kwa bar 0.2 na ushee. Madoa yangu ya jioni zile mbili nilikuwa nimeyapuliza kwa karibu bar 0.9 nikidhani ni 0.7. Kubadilisha geji ni kazi ya spana na tepu ya thredi. Toa kwanza hewa yote ndani ya tangi, zungusha tepu kufuata mwelekeo wa uzi wa skrubu, kaza bila kulazimisha, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio na uangalie kama kuna mapovu yanayovimba. Mtengenezaji angeweza kuweka geji ya kipimo kidogo tangu kiwandani bila kubadili kitu kingine chochote, na kwa kutofanya hivyo amekifanya kifaa kizuri kionekane kigeugeu. Hilo ndilo lawama langu kubwa kwa seti hii.

Lawama la pili lilijitokeza baada ya miezi minane. Nilikuwa naacha kompresa ikiwa imewashwa wakati nasafisha kikombe cha brashi, na niliporudi presha niliyoiacha kwenye bar 1 ilikuwa imepanda hadi 1.3 bila mtu kugusa kishikio. Regyuleta ikianza kupandisha presha yenyewe wakati hewa haitumiki, mara nyingi kuna uchafu uliokaa kwenye kiti cha ile njia ndogo inayofungwa na kiwambo, hewa ikawa inapenya kidogokidogo. Nilitoa hewa yote, nikaifungua regyuleta, nikakuta chembe ya plastiki nyeupe isiyozidi nusu ya punje ya mchanga. Bila shaka ni masalio ya tepu niliyoifunga mwenyewe kwenye uzi wakati wa kubadilisha geji, ikiwa imezungushwa hadi mdomoni kabisa mwa skrubu. Niliifuta, nikarudisha kila kitu, na upandaji ule ukakoma. Sehemu ya kosa ni yangu, lakini regyuleta yenye kichujio cha wavu mbele ya kiti chake isingeumizwa na chembe kama ile. Kipimo chake ni rahisi na ninakifanya kila mwezi: napanga bar 1, naacha dakika 20 bila kubonyeza chochote, kisha naangalia mshale.

Kuhusu tangi, wengi wananunua kompresa yenye tangi wakitarajia kupuliza muda mrefu mota ikiwa kimya. Tufanye hesabu. Tangi la lita 3 likishuka kutoka bar 4 hadi bar 3 linatoa hewa ya kawaida ya lita 3, basi. Brashi yenye nozeli ya milimita 0.3 katika presha ya kazi hutumia kwenye lita 10 kwa dakika. Ukipuliza mfululizo, mota itawaka ndani ya sekunde 18 hivi, na ndivyo inavyotokea kwangu. Faida ya tangi iko kwingine. Pistoni husukuma hewa kwa mapigo, na mapigo hayo yasipopita kwenye nafasi ya kutulia yanafika hadi kwenye nozeli. Kabla ya seti hii nilikuwa na kompresa isiyo na tangi, na kwenye bawa refu lenye rangi ya fedha niliweza kuona mapigo yake kama mistari hafifu iliyopishana, hasa nilipopuliza karibu kwa presha ndogo. Tangi la lita 3 limeyaua kabisa mapigo hayo. Pia nilikuwa na wasiwasi kwamba tangi linaposhuka kutoka bar 4 hadi 3 presha ya kazi itayumba nalo, lakini nilipoifuatilia kwa geji mpya sikuona tofauti ya kuiandika.

Maji ni suala linaloambatana na presha, ingawa hutajwa pembeni. Hewa ikibanwa hupata joto, na ikipoa mvuke uliomo hugeuka matone. Chujio la seti hii limefungwa palepale kwenye kompresa, mahali ambapo hewa bado ina uvuguvugu baada ya mota kufanya kazi mfululizo, kwa hiyo sehemu ya mvuke hupita kwenye chujio ikiwa bado ni mvuke, kisha hupoa ndani ya mpira na kuwa tone baada ya kuliacha chujio nyuma. Nilipoteza bawa moja kwa namna hiyo. Nilikuwa kwenye mpako wa mwisho wa vanishi isiyong'aa, siku yenye unyevunyevu, nusu saa tangu nianze, na brashi ikatema tone moja tu, likatua katikati ya alama ya duara na kuacha kovu jeupe lenye ukingo. Tangu hapo nimeongeza chujio dogo la pili chini ya brashi, na nimekuwa nikitoa maji ya tangi kwa skrubu iliyo chini yake kila ninapomaliza kazi. Kikombe cha chujio kikubwa nacho hutolewa maji kwa kubonyeza kipini cha chini. Fanya hivyo mara kwa mara siku za unyevu. Chujio hili linafanya kazi yake, ila limewekwa mahali ambapo haliwezi kuifanya yote.

Ile vali ndogo ya kupunguza hewa inastahili sifa na onyo. Ni skrubu yenye ncha inayoziba njia ya hewa kiasi unachotaka, na uzuri wake ni kwamba iko chini ya vidole vyako, hulazimiki kuinuka kwenda kwenye kompresa katikati ya kazi. Lakini haina kiwambo wala springi. Inachokipunguza ni wingi wa hewa inayopita. Kitufe kikiachwa, hewa inaendelea kupenya taratibu kwenye mwanya wake mpaka presha ndani ya brashi ilingane na presha ya mpira. Unapobonyeza tena, sehemu ya kwanza ya hewa inatoka na presha yote ya regyuleta, kisha ndipo inashuka hadi kiwango ulichokipanga. Mpumuo huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, ila kwa ncha iliyo sentimita 1 kutoka kwenye plastiki unatosha kuitawanya rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya pili ya miguu yangu ya buibui: kila doa nililianza kwa kubonyeza na kuvuta kitufe kwa pamoja, nikawa naliamsha kila mara kwa mpumuo.

Dawa yake ilikuwa katika mkono. Brashi yangu ni ya miendo miwili, kitufe kikibonyezwa chini kinatoa hewa na kikivutwa nyuma kinatoa rangi. Niliacha kukiinua kabisa kati ya doa na doa. Hewa inaendelea kupita muda wote wakati mkono unahama, na kidole kinavuta rangi tu panapohitajika. Nilirudi kwenye ubavu ule wa Bf 109 nikiwa na geji mpya, bar 0.7 ya kweli, vali ndogo imefungwa robo, rangi imepunguzwa kwa thina hadi inateleza kwenye ukuta wa kikombe na kuacha utando unaotoweka baada ya sekunde moja. Doa la kwanza halikuonekana kabisa mpaka nilipolipitia mara ya tatu, likawa linazaliwa polepole kama ukungu unaoingia kwenye kioo. Ubavu mzima ulinichukua dakika 40, na sikufuta hata doa moja. Kwa kazi ya namna hiyo vali ndogo ina thamani kubwa, mradi regyuleta ndiyo inayopanga presha na vali inakatia tu pale ambapo regyuleta imekwishafika.

Kwa kazi nyinginezo nimeona seti hii inashika vizuri viwango ninavyovitumia. Rangi za akriliki zinazotumia maji huniendea vizuri kwa bar 1 hadi 1.4. Zikipewa zaidi ya hapo matone yanakuwa madogo mno, yanakauka njiani, na uso unakuwa wa mchangamchanga ukiupapasa. Hewa nyingi pia hukausha rangi kwenye ncha ya sindano, ikaanza kukatika na kutema, na tone la kichelewesha ukavu kwenye kikombe husaidia zaidi kuliko kuongeza presha. Rangi za laka zilizochanganywa na thina yake huvumilia zaidi, na mimi huzipuliza kwa bar 1.2 hadi 1.5 kwa umbali wa sentimita 10. Praima nzito, ule mpako wa kwanza wa kushikia rangi, huhitaji bar 1.5 hadi 2, la sivyo hutoka kwa matone makubwa na uso ukikauka unafanana na ganda la chungwa. Rangi za metali za laka, zile nyembamba zisizohitaji kupunguzwa, hunipa mng'ao mzuri zaidi kwa bar 0.8 hadi 1, kwa mipako myembamba mingi. Namba hizi ni za brashi yenye kikombe juu, ambayo rangi yake hushuka kwa uzito wake. Brashi ya chupa ya chini huvuta rangi kwa mkondo wa hewa peke yake, kwa hiyo hudai presha kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo siipendi kwa mistari myembamba.

Kabla ya kugusa modeli huwa napuliza kwanza kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa praima ileile. Mgongo wake wa mviringo unanionyesha mambo mawili kwa pamoja: kama rangi inakusanyika na kutiririka, presha ni kubwa au rangi ni nyepesi mno kwa umbali ule, kama inatua ikiwa vumbi, presha ni kubwa kwa rangi iliyo nzito au niko mbali. Nikishapata ninachokitaka ninaandika presha, uwiano wa thina na saizi ya nozeli kwenye mpini wa kijiko chenyewe. Ninavyo zaidi ya thelathini sasa, na ndivyo vinavyonifaa kuliko maelezo yaliyochapishwa kwenye chupa.

Kelele za mota ni za chini, mtu anaweza kuzungumza karibu nayo bila kupaza sauti. Miguu yake ya mpira inazuia mtetemo kiasi, ingawa niliiweka juu ya kipande cha zulia. Joto ni jambo la kuangaliwa: baada ya dakika 30 za kazi ya mfululizo kichwa cha pistoni hakishikiki, nami huipumzisha kabla ya kinga yake ya joto kulazimika kuizima. Vali ya usalama kwenye tangi ina pete ya kuvuta, na huivuta mara moja kwa mwezi kuhakikisha haijagandamana. Presha yoyote utakayoitumia itatawanya ukungu wa rangi usioonekana, kwa hiyo barakoa yenye vichujio vya mvuke na feni ya kutolea hewa nje ni vya lazima, hasa kwa laka.

Kwa anayefanya kazi kwa nozeli za milimita 0.2 na 0.3 naipendekeza seti hii bila kusita, akiwa tayari kubadilisha geji siku ya kwanza na kuongeza chujio la pili la maji. Anayetaka kupaka praima kwenye meli ndefu au vifaru vikubwa kwa nozeli ya milimita 0.5 na kuendelea atafute kompresa yenye hewa nyingi zaidi kwa dakika. Kwa nozeli hiyo, nilipotaka bar 2 inayopita, mota haikuzima tena tangu nilipoanza, na katika dakika ya pili tangi lilikuwa limeshuka hadi karibu na presha niliyoipanga. Hapo regyuleta inakuwa haina tena cha kudhibiti, kwa maana haiwezi kutoa presha ambayo tangi lenyewe halina. Katika kupaka kifaru kimoja cha 1/35 nililazimika kusimama mara nne kusubiri tangi lijae, na mahali nilipoanza tena palionekana kwenye bamba la mbele mpaka nilipopasugua kwa msasa wa namba 1000 na kuparudia kwa nozeli ya 0.3.